Mgeni Mpe Jembe, Lakini kwa Lugha Gani?

Sote tumekua tukiambiwa kuwa mgeni ni siku mbili, ya tatu apewe jembe. Neno hili hekima yake haina shaka, kwani mtu hawezi kukaa kwa wenzake akila na kulala bila ya kutia mkono wake katika kazi ya nyumba. Walakini wazee wetu waliotuachia methali hiyo hawakutwambia jambo moja: akishapewa jembe, huyo mgeni na wenyeji wake watasemezana kwa lugha gani huko shambani? Nilidhani swali hili ni la mchezo, mpaka liliponipata mimi mwenyewe, tena si shambani wala si Pwani, bali ugenini katika kijiji cha kaskazini ya Wales, mbele ya meza iliyojaa karatasi, na umri wangu miaka hamsini na sita.

Kisa chenyewe ni hiki. Binti yangu ni muuguzi, naye ni miongoni mwa vijana wetu waliokwenda kufanya kazi Uingereza. Riziki ilimpeleka Bangor, mji ulio karibu na bahari kaskazini ya Wales, na mwaka wa 2023 akanialika nikae naye kuanzia Septemba hadi Januari. Mji haukuwa mgeni kwangu. Katika mwaka wa 1994 nilipata kukaa hapo miezi tisa nikisoma, na jioni mara mbili kwa wiki nilikuwa nikienda darasa la Kiwelshi, zaidi kwa udadisi kuliko kwa haja. Nilijifunza kusalimu, kununua mkate na kuuliza njia. Niliporudi nyumbani nililitia daftari langu sandukuni, nikajiahidi kuwa nitaendelea. Sikuendelea. Miaka ishirini na tisa ikapita.

Sasa, mtu aliyezoea kazi hawezi kukaa dirishani akihesabu matone ya mvua, na kule mvua haikosi kazi. Binti yangu akitoka asubuhi hurudi usiku. Ndipo jirani mmoja, mama mtu mzima, aliposikia kuwa mimi ni mtu wa magazeti, akaniambia kuwa gazeti lao linatafuta mikono.

Gazeti la mtaa

Yafaa nieleze kidogo kuhusu gazeti hilo. Wawelshi wana magazeti madogo wayaitayo "papur bro", maana yake gazeti la mtaa. La kwanza lilianzishwa Cardiff mwaka wa 1973, likaitwa Y Dinesydd, na baada ya hapo kila upande wa nchi ukataka la kwake, hata leo yamezidi hamsini. Aghalabu hutoka mara moja kwa mwezi. Ndani yake mna habari za waliozaliwa na waliofariki, harusi, mashindano ya watoto wa shule, matangazo ya mafundi na mashairi. Yote ni kwa Kiwelshi. Na la ajabu ni kuwa wanaoyaandika, wanaoyahariri, wanaoyakunja na kuyapeleka madukani ni watu wa kujitolea, hawalipwi hata senti. Mimi niliyekula mkate wa magazeti zaidi ya miaka thelathini nikaona hapa ndipo pangu.

Basi usiku wa kukunja gazeti ulipofika nikenda. Mahali penyewe ni chumba cha nyuma cha kanisa lao, ambacho ndicho ukumbi wa kijiji. Najua wako watakaoniuliza Mwislamu alifuata nini humo. Alifuata kazi, sala yake alikwisha kuiswali kabla hajatoka, na chai aliyopewa ilikuwa chai tu. Nilipofika mlangoni nilisikia mazungumzo yanamiminika kama maji ya mfereji, watu kiasi cha kumi na watano, wengi wao wazee, mikono yakunja na ndimi zafanya kazi yake. Vicheko vilikuwa vya watu wanaojuana tangu utotoni. Nikaingia, nikatoa salamu kwa Kiingereza.

Hapo hapo wote wakageuka Wazungu wa London. Kwa heshima na kwa wema kabisa, watu kumi na watano waliivua lugha yao kama viatu mlangoni, kwa ajili ya mtu mmoja. Bibi mmoja aliyekuwa katikati ya kisa alijaribu kukimalizia kwa Kiingereza ili nami nifaidi; alipofika mahali pa kuchekesha akatafuta neno, akalikosa, akasema, "Ah, kwa Kiingereza hakichekeshi." Mzee wa pembeni alimwuliza mwenziwe jambo kwa Kiwelshi, mara akanigeukia mimi kuniomba radhi. Wallahi, radhi ile iliniingia kama mwiba. Mzee mwenye umri wa baba yangu, kwao, kijijini kwake, aniombe radhi mimi mpita njia kwa kusema lugha ya mamake!

Mazungumzo yakapungua, kikabaki kishindo cha karatasi. Niliporudi kwa binti yangu usiku ule nilifanya hesabu yangu. Nilikuwa nimekunja magazeti mia mbili hivi. Na kwa upande wa pili, nilikuwa nimewanyima watu kumi na watano mazungumzo yao ya mwezi, katika chumba ambacho labda ndicho pekee ambamo Kiwelshi hakikuwa kikidaiwa kumpisha mtu. Nikajiuliza: katika biashara hii, ni nani aliyemsaidia mwenziwe?

Deni la zamani

Huenda msomaji akasema nimelikuza jambo dogo. Adabu ni adabu. Hata sisi akija mgeni tunamsemesha kwa lugha anayoijua. Kweli. Lakini adabu ya Wawelshi ina historia nyuma yake, na si historia ya wema mtupu.

Mwaka wa 1536 sheria ya Mfalme Henry wa Nane iliamuru kuwa kesi zisikizwe kwa Kiingereza, na asiyejua Kiingereza asipewe kazi ya serikali katika Wales, nchi ambayo wakati huo wengi wa watu wake hawakujua neno la Kiingereza. Miaka mia tatu baadaye serikali ikatuma maofisa watatu kuchunguza hali ya elimu huko. Hata mmoja wao hakujua Kiwelshi. Watoto waliulizwa maswali kwa lugha wasiyoifahamu, wakaduwaa, na ripoti iliyotolewa mwaka wa 1847 ikaandika kuwa watu wale ni wajinga, maadili yao yamelegea, na kwamba lugha yao ni miongoni mwa vinavyowarudisha nyuma. Majalada yake yalikuwa ya buluu, na Wawelshi mpaka leo huliita jambo lile khiyana ya vitabu vya buluu.

Katika karne hiyo hiyo walimu wa baadhi ya shule walikuwa na kibao cha mti chenye herufi W na N. Mtoto akisikika anasema Kiwelshi huvishwa kibao shingoni. Naye humvizia mwenziwe ateleze ili ampokeze, na anayekutwa nacho mwisho wa siku huadhibiwa. Je, hilo halitukumbushi kitu? Wengi wetu tuliosoma shule za Kenya tunakijua kidude hicho kwa jina jingine. Kwao na kwetu fimbo ilikuwa moja: mtoto hufundishwa si tu kuionea haya lugha ya mamake, bali pia kumchongea nduguye.

Basi mtu aliyelelewa katika nyumba ambazo babu zake walivaa kibao hicho, akigeukia Kiingereza mara tu aonapo uso mgeni, usidhani ni adabu peke yake. Ni kovu pia. Na hesabu zaonyesha kovu hilo limekula kiasi gani. Mwaka wa 1911 waliojua Kiwelshi walikuwa watu 977,000 hivi, yaani zaidi kidogo ya asilimia 43 ya watu wa nchi. Mwaka wa 2011 walikuwa 562,000. Mwaka wa 2021 wakawa 538,000, kiasi cha asilimia 18. Hii ni baada ya kupata televisheni yao mwaka wa 1982, na baada ya sheria ya 2011 kukifanya Kiwelshi kuwa lugha rasmi katika nchi yao. Serikali ya Wales imeweka shabaha ya kufikisha watu milioni moja ifikapo mwaka wa 2050. Sheria ni kitu kizuri, lakini sheria haiwezi kukaa katika chumba cha kukunjia magazeti ikamzuia mzee kuomba radhi. Kazi hiyo ni ya mgeni.

Kurudi chuoni

Kesho yake nikaanza kujifunza upya. Sikuona haya. Sisi tuliofundishwa chuoni tunajua kuwa mtu akisahau juzuu aliyokwisha kuihifadhi, hafungi msahafu akasema basi. Hurudi kwa mwalimu, akakaa juu ya mkeka pamoja na watoto, akaanza kukariri tena. Na aliyerudia huona jambo ambalo aliyeanza halioni: kwamba kilichosahauliwa hakikufa, kimelala tu. Maneno ya mwaka wa 1994 yalianza kuamka moja moja kama jamaa walioamshwa daku.

Tena chuo kilinifaa kwa namna nyingine. Kiwelshi kina sauti zinazowatesa wanafunzi Waingereza. Iko "ch" yao, ambayo si ya "chai", ni kha ya "khabari". Iko "dd", ambayo ni dhal ya "dhahabu". Iko "th", ambayo ni ya "thelathini". Darasani Mwingereza mmoja alikuwa akihangaika na kha mpaka jasho likamtoka, nami nikaitamka kama aliyekunywa maji, kwa sababu ilitiwa kooni mwangu na mwalimu wangu wa alifu na bee kabla sijatimu miaka saba. Ilinibidi kuhangaika na moja tu, "ll", ambayo hutamkwa kwa kuuweka ulimi mahali pa l, kisha kuvuvia hewa pembeni. Hiyo iliniadabisha.

Kuna na jambo jingine lililonipendeza. Kwa Kiwelshi maneno hubadilika mwanzoni. Kichwa ni "pen", lakini kichwa changu ni "fy mhen", kichwa cha mwanamume ni "ei ben", na cha mwanamke ni "ei phen". Waingereza hulalamika kuwa neno hulioni katika kamusi, kwa kuwa halikai kwa herufi moja. Nikacheka, nikawaambia waje kwetu watafute "ndimi" katika kamusi kabla hawajaambiwa waitafute katika "ulimi".

Usiku wa pili wa kukunja gazeti nilisimama mlangoni, nikasema "Noswaith dda," yaani habari za jioni, kisha nikawaomba waendelee kwa Kiwelshi, hata kama mimi sielewi. Walinitazama. Yule bibi wa kisa akaniuliza kwa Kiwelshi, polepole, kama nina yakini. Nikasema ninayo. Nikakaa, nikakunja. Kwa kila maneno kumi nilishika moja. Masikio yalichoka kabla ya mikono. Lakini chumba kilirudi kuwa chumba chao, vicheko vikarudi, na mimi nikawa mtu aliyekaa miongoni mwao badala ya mtu waliyemkalia wageni.

Usiku wa tatu ndio nisioweza kuusahau. Katika toleo lile lilikuwamo shairi fupi la mzee mmoja aliyekuwa mfuga kondoo. Wawelshi wana bahari zao za mashairi zenye kanuni ngumu, na hii waiitayo "englyn" ina mistari minne: wa kwanza mizani kumi, wa pili sita, na miwili ya mwisho saba saba, jumla thelathini, na konsonanti zake lazima zijibizane kwa taratibu inayowekewa vitabu vizima. Nikaulizwa: na kwenu, mashairi hupimwa vipi? Swali lilikuwa la Kiwelshi. Nilijua jibu kwa Kiswahili, na kwa Kiingereza ningelieleza kwa dakika moja. Nikanyamaza kutafuta. Wote wakangoja. Hakuna aliyenikimbilia kwa Kiingereza. Nikasema "wyth ac wyth," nane na nane. Kisha nikasema kina katikati, kina mwishoni. Nikagonga meza kwa kidole nikihesabu, nikawatajia mstari wangu mmoja wa Kiswahili ili wausikie unavyotembea. Yule mzee akafumba macho, akaurudia kwa midundo ya vidole, mizani nane, kituo, mizani nane. Akatikisa kichwa akasema neno moja, "Da." Nzuri.

Sentensi zangu zilikuwa zimevunjika kama chungu. Lakini usiku huo ndio wa kwanza niliowapa kitu ambacho hawakuwa nacho. Magazeti mia mbili yangekunjwa na mtu yeyote. Na tangu usiku huo yule bibi aliacha kuniita "chi", ambayo ni ya heshima na ya mbali, akaniita "ti", ambayo ni ya mtu wa nyumbani.

Msaada na ulimi

Ninalotaka kusema leo ni hili. Mtu anayekwenda kujitolea kwa watu asipojifunza lugha yao, msaada wake una gharama ambayo hulipwa na wale anaowasaidia. Wao ndio watakaofasiri. Wao ndio watakaokatiza visa vyao. Wao ndio watakaoonekana wazito wa kusema katika nyumba zao wenyewe, ilhali yeye aonekana mwepesi na mjuzi. Na akishaondoka hufurahi kuwa alitoa, wala hajui alichokichukua. Lakini akijifunza, hata kwa kuchechemea, mizani hugeuka. Sasa yeye ndiye mwenye haja, na wao ndio walimu. Kumpa mtu nafasi ya kukufunza ni sadaka ambayo haimdhalilishi mpokeaji.

Wala si neno langu peke yangu. Katika Sura Ibrahim Mwenyezi Mungu ametujuza kuwa hakutuma mtume yeyote ila kwa lugha ya watu wake, ili awabainishie. Ikiwa Mitume, waliokuja na msaada mkubwa kuliko misaada yote, hawakuwataka watu waache ndimi zao kwanza ndipo wasaidiwe, mimi na wewe ni nani wa kuwataka? Na katika Suratur-Rum tumeambiwa kuwa kutofautiana kwa ndimi zetu na rangi zetu ni katika ishara zake. Ishara haifutwi kwa ajili ya wepesi wa mgeni.

Wawelshi wenyewe wana mifano ya watu walioelewa haya. Katika miaka ya 1730 kasisi mmoja wa Llanddowror, Griffith Jones, alianza kupeleka shule za kuhamahama kutoka kijiji hadi kijiji, zikikaa miezi mitatu hivi wakati wa baridi ambapo kazi za shamba hupungua. Aliona kuwa kumfundisha maskini kusoma kwa Kiingereza asichokijua ni kumpotezea umri, akafundisha kwa Kiwelshi, watoto mchana na watu wazima jioni. Alipofariki mwaka wa 1761 shule zaidi ya 3,000 zilikuwa zimewahi kufanyika. Linganisha na wale maofisa watatu wa 1847. Huyu alikwenda na lugha akakuta watu wenye akili. Wale walikwenda bila ya lugha wakakuta wajinga. Watu ni wale wale.

Na karibu na zama zetu yuko daktari Carl Clowes, aliyefariki mwaka wa 2021. Alilelewa Manchester, na Kiwelshi alijifunza ukubwani. Alikwenda kuwa daktari wa kijiji cha Llanaelhaearn, akakuta shule yatishiwa kufungwa na vijana wanahama, akashirikiana na wanakijiji kuanzisha chama chao cha ushirika mwaka wa 1974. Jirani na hapo, chini ya milima mikali ukingoni mwa bahari, palikuwa na Nant Gwrtheyrn, kijiji cha wavunja mawe kilichohamwa, nyumba zimebaki kuta bila mapaa. Mwaka wa 1978 taasisi aliyoiongoza ikakinunua kijiji hicho kwa michango, na kuanzia 1982 watu wazima wakaanza kwenda humo kujifunza Kiwelshi. Leo ndicho kituo kinachojulikana zaidi kwa kazi hiyo. Mtu huyo huyo ndiye aliyekuwa mbele mwaka wa 1985 katika kuunda udugu wa Wales na Lesotho, nchi ndogo ya Afrika yenye jirani mkubwa kama ilivyo Wales. Angalia utaratibu wake: kwanza alijifunza ulimi wa watu, kisha akawatumikia, kisha akawaunganisha na wengine. Hakuanza na la mwisho.

Na sisi je?

Wako watakaosema: Wawelshi wote wajua Kiingereza, kwa nini kujisumbua? Nawajibu kuwa kujua lugha si kustarehe ndani yake. Bibi yule alijua Kiingereza barabara, na kisa chake kilikufa. Wengine watasema umri umepita. Umri wangu haukunizuia kukunja karatasi, kwa nini unizuie kufungua daftari? Wawelshi husema "Dyfal donc a dyr y garreg," yaani ugongaji usiochoka huvunja jiwe. Sisi twasema bandu bandu huisha gogo. Wao wana mawe, sisi tuna magogo, hekima ni moja.

Lakini kuna watakaoniambia neno zito zaidi: umekwenda kuhuisha lugha ya Wazungu, na Kiamu, Kimvita na Kibajuni je? Neno hilo nalikubali kwa kichwa kilichoinama. Kule ndiko nilikoliona la kwetu. Ni mara ngapi nimekaa barazani nikaona watu kumi wa hapa hapa wakiacha lafudhi yao kwa sababu amekuja mtu mmoja wa mjini, wakaanza kusema kama redio? Ni nyumba ngapi ambazo mjukuu huongea Kiingereza, na bibi, kwa kumpenda, humfuata hukohuko kwa kukwama, mpaka visa vyake vyote vinakufa kama kile cha bibi wa Kiwelshi? Nasi tunaita adabu.

Tena kila mwaka twapokea Pwani vijana wa nje wanaokuja kujitolea kwa wiki mbili au tatu, wakapaka shule rangi, wakafundisha Kiingereza, wakapiga picha na watoto, wakaenda zao. Siwalaumu nia zao. Wengi wana moyo safi, na mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wao usiku ule wa kwanza. Ninaowalaumu ni sisi tunaowapokea. Twawapa jembe, hatuwapi lugha. Laiti kila shule na kila jumuiya ingewaambia: karibuni, lakini wiki ya kwanza hamtafundisha, mtafundishwa. Mtakaa barazani na wazee, mtakwenda sokoni bila ya mkalimani, mtaamkia kwa "shikamoo" na mtajua kwa nini. Atakayeona wiki hiyo ni hasara, basi hakuja kwa ajili yetu. Na atakayeikubali atarudi kwao akiwa na kitu cha kukumbuka kuliko picha.

Na sisi tukienda kwao, kazini, masomoni au kwa watoto wetu, tuwafanyie vivyo hivyo. Daftari langu la mwaka wa 1994 halimo tena sandukuni. Liko mezani ninapoandika haya, na kila Jumatatu jioni nazungumza kwa simu na yule mzee wa kondoo. Ananisahihisha, nami namfundisha hesabu ya vina. Nimemtungia ubeti huu, na ni deni langu kuufasiri kwa lugha yake kabla ya mwaka kwisha, Inshallah:

Ukenda nchi ya watu, kwa nia kusaidia,
Kaa chini kama mtu, chuoni aloingia,
Lugha yao si kiatu, nje wakaiwachia,
Msaada wenye utu, huanza na kusikia.